Barua ya wazi kutoka kwa fundi cherehani wa Magomeni: tuandikeni

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Meya na Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni, madiwani na mbunge wetu, na Waziri mwenye dhamana ya ardhi na nyumba.

Waheshimiwa, walionizidi umri shikamooni, na wa rika langu habari za kazi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona Magomeni miaka 26, kwa cherehani ya miguu aliyoniachia marehemu baba. Sare za shule, kanzu za Idi, madera ya shughuli, suruali za kupunguza kiuno na za kuongeza. Nina daftari la vipimo, lile kubwa la jalada gumu, na hili ni la nne tangu nianze. Kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Pembeni naandika anapokaa, ili nguo ikiwa tayari nimtume kijana ampelekee. Zamani pembeni pale palikuwa na maneno mafupi: "nyuma ya msikiti", "kwa mama chapati", "nyumba yenye mwarobaini". Siku hizi nakata kwa kalamu, naandika upya majina ya pembezoni mwa jiji. Chanika. Mbagala. Kivule. Chamazi. Wengine nimekata tu, sikuandika kitu, kwa sababu sijui walikokwenda. Nikilifungua daftari leo, kurasa zilizokatwa ni nyingi kuliko ambazo hazijakatwa.

Ndiyo sababu ya barua hii: sisi wapangaji tunaondoka nyumba zikivunjwa kupisha maghorofa, na hatujaandikwa popote.

Mwaka juzi na mimi ningejikata mwenyewe kwenye daftari hilo. Nyumba niliyopanga ilikuwa ya Kiswahili, kama zilivyo nyingi za Magomeni: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na nyuma uani. Chumba cha mbele kilishageuzwa fremu ya muuza mchele. Uani palikuwa na jiko, bafu, choo, sehemu ya kufulia, na chumba cha nyongeza alichokaa bibi mmoja muuza vitumbua. Tulikuwa kaya sita. Mimi, mke wangu na wanetu wawili tulikaa chumba cha pili kushoto, na kushona nilishonea mbele, kibarazani.

Kama hamjawahi kukaa nyumba ya namna hii, naomba niwaeleze uani ni nini, maana kwenye michoro huitwa eneo la wazi na hesabu inaishia hapo. Saa kumi alfajiri bibi ameshawasha mkaa. Unga umeumuka kwenye ndoo, harufu ya iliki imeingia mpaka vyumbani, na watoto wanaamka kwa harufu hiyo kabla ya kuamshwa na mama zao. Mke wa dereva wa daladala anachota maji ya kuogeshea watoto wake, akichelewa kidogo kuna mtu mwingine ameshawaogesha. Ufunguo wa chumba chetu tuliuacha kwa bibi, na ufunguo wa bibi tulikaa nao sisi. Mwaka 2014 niliugua homa ya matumbo, nikalala wiki tatu bila kushona hata kifungo. Chakula kililetwa chumba kwa chumba, leo huyu, kesho yule, na hakuna aliyekaa kuipanga zamu hiyo. Mzee mwenye nyumba alikuja kunijulia hali, akaniambia kodi tutaongea ukipona. Nilipopona tukaongea, nikamlipa kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Ukutani, upande wa barabarani, mzee aliandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo yamejaa Dar es Salaam, na wageni wakiyaona hushangaa. Sisi tunajua kwa nini yanaandikwa. Kuna matapeli wa kuuza nyumba za watu, na kuna familia ambazo ndugu mmoja anaweza kupokea hela ya wenzake wamelala. Kila mwaka kabla ya Ramadhani mzee alichukua kopo la rangi na brashi akayapitia tena maneno yale, herufi kwa herufi. Alipofariki, Ramadhani ya kwanza hayakupitiwa. Ya pili yalikuwa yamefifia, unayasoma kwa kubahatisha. Nikamwambia mke wangu, hapa tujiandae.

Warithi walikuwa 11, wa mama wawili. Nyumba ya vyumba sita haigawanyiki kwa watu 11. Siwalaumu hata kidogo, na naomba barua hii isisomwe kama ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba. Mmoja wao nilimshonea sare ya darasa la kwanza. Alikuja kuniaga akilia.

Notisi ililetwa na dalali. Karatasi moja, mistari minne, siku 30. Juu iliandikwa "Kwa wapangaji wote". Hapakuwa na jina la mtu, wala la bibi aliyekuwa pale kabla baadhi ya warithi hawajazaliwa.

Nikaenda ofisi moja ya umma kuuliza haki yangu. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, akanivutia kiti. Akauliza, una mkataba? Sina. Risiti za kodi? Miaka yote nilimpa mzee mkononi, yeye akaandika kwenye daftari lake. Daftari la mzee liko wapi? Sijui. Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akasema taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba: "Basi mzee wangu, kwa karatasi, wewe hukai pale."

Neno hilo sijalisahau. Nikirudi nyumbani nilikuwa nalirudia njia nzima.

Maana mnatujua tunapotakiwa kujulikana. Sensa ya Agosti 23, 2022 ilitukuta kwenye nyumba ile. Karani alikaa uani kwenye kigoda, akanywa chai ya bibi, akatuandika kaya zote sita, na sisi tumo kwenye wale watu 5,383,728 mliotangaza kuwa ndio wa Dar es Salaam. Mwaka huohuo ilipita operesheni ya anwani za makazi, tukabandikiwa kibao cha namba. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme tunaolipia kabla ya kutumia, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Mita yetu ilikuwa moja, koridoni, umeme tulinunua kwa kuchangishana. Kwa hiyo kodi ya jengo lile ilitoka mifukoni mwetu wapangaji. Tulihesabiwa, tukapewa namba, tukalipa. Siku ya kuondoka ndiyo tukaambiwa hatukai pale.

Nyumba ilivunjwa kwa siku mbili. Kile kibao cha namba nilikiokota kwenye kifusi, ninacho.

Kaya mbili zilipata chumba hapa hapa Magomeni, sisi tukiwa mojawapo, kwa kodi ambayo imenilazimu kushona mpaka saa sita usiku. Dereva wa daladala amehamia Kivule. Wengine wawili wamekwenda Mbagala na Chamazi. Bibi alipelekwa na mjukuu wake Chanika, kwenye nyumba nzuri, yenye nafasi, na hewa safi kuliko yetu. Alijaribu kuendelea na vitumbua vyake. Akikaanga Chanika akapanda gari la kwanza, anafika Magomeni watu wameshakwenda kazini. Akijaribu kuuza kule kule, majirani ni wachache na hawajamzoea. Alihangaika mwezi mmoja akaacha. Hunipigia simu siku za Ijumaa, na swali lake la kwanza siku zote ni, nani anauza vitumbua pale kwetu sasa? Namwambia hakuna.

Sababu ya haya yote naielewa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Magomeni ikawa karibu na mjini kuliko ilivyowahi kuwa. Njia ya Kimara inapita kwetu, na ile ya kituo cha Morocco, hapa hapa jijini, inakatia kwetu. Barabara hiyo tuliisubiri kwa hamu na vumbi la ujenzi wake tulilila sisi. Ilipokamilika, thamani ya kiwanja ikapanda, na aliyekuwa amepanga chumba ndani ya kiwanja hicho akawa kizuizi. Tajiri anaponunua nyumba ya Kiswahili hainunui nyumba, ananunua ardhi iliyo chini yake. Sasa hivi mtaani kwetu ukitembea kutoka msikitini mpaka barabara kubwa unapishana na mabati ya ujenzi kila baada ya nyumba chache. Ghorofa likiisha, chumba kimoja cha masta, chenye choo na bafu ndani, kodi yake ni mara tatu ya tuliyokuwa tunalipa, na inatakiwa ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo.

Mimi sipingi maghorofa. Jiji la watu zaidi ya milioni tano haliwezi kuishi lote kwenye nyumba za chini, na nyumba zetu nyingi zimechoka, mabati yanavuja, vyoo ni vya shimo. Wanangu wangependa choo cha ndani kama watoto wengine wowote. Nasema kwamba ghorofa linaweza kujengwa na watu wakabaki, na ushahidi uko hapa hapa Magomeni, mnaujua, mliuzindua wenyewe.

Nazungumzia Magomeni Kota. Kaya 644 zilizokuwa wapangaji kwenye nyumba chakavu ziliondolewa kupisha ujenzi. Zikasubiri karibu miaka kumi, watu wengine wakafa wakisubiri, eneo likaota majani. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaja akaagiza wajengewe na warudi. Machi 23, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa yale, nyumba 644, sawasawa na idadi ya kaya zilizoondoka. Siku ile nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara. Nilimwona mama mmoja mteja wangu akipanda ngazi ameshika ufunguo kwa mikono miwili.

Nimefikiri sana kwa nini wale walirudi na sisi hatutarudi. Shida walizipata kama sisi, na umaskini ni huu huu. Lakini wao walikuwa na orodha. Walikuwa wapangaji wa manispaa, majina yao yaliandikwa, na hata miaka kumi ilipopita wakaweza kusimama na kusema sisi ni 644, huyu hapa, na huyu hapa. Sisi wa nyumba za watu binafsi hatuna orodha popote. Kila nyumba inavunjwa peke yake, kaya sita leo, kaya tano mwezi ujao, na hakuna siku ambayo tunaonekana kuwa wengi.

Ombi langu kubwa kwa hiyo ni dogo kuliko mnavyoweza kudhani. Tuandikeni. Kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na daftari la wapangaji, nyumba kwa nyumba, kwa namba zile zile za anwani za makazi mlizokwisha kubandika. Jina, chumba, tangu lini, kodi kiasi gani. Mwenye nyumba asaini, mpangaji asaini, mjumbe ashuhudie. Mpangaji akienda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya awe na kitu cha kuonyesha, asiulizwe risiti ambazo mtaa mzima haujawahi kuandikiana. Kazi hii haihitaji mkopo kutoka nje. Inahitaji daftari la jalada gumu na mtu wa kulijaza, na mimi najua bei ya daftari.

Kisha liwekewe nguvu. Tulikuwa na sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Wenye nyumba waliilalamikia, na huenda katika mengine walikuwa na haki. Lakini ilipoondoka, mpangaji wa chumba kimoja alibaki na maneno ya dalali. Sidai irudi ilivyokuwa. Nadai sheria mpya inayosema mtu aliyekaa mahali miaka 20 hapewi siku 30 sawa na aliyeingia juzi. Muda wa notisi uendane na muda aliokaa. Watoto wasitolewe katikati ya muhula, maana mwanangu mdogo alihama akiwa na wiki mbili kabla ya mtihani wa darasa la nne. Na hii tabia ya kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ambayo viongozi wengi wameikemea majukwaani, ikemewe sasa kwenye sheria, kwa kifungu chenye adhabu.

Kuna jambo la warithi pia, na hapa naona ndipo mngeweza kusaidia pande zote. Wale 11 waliuza kwa sababu walidhani kuuza ndiyo njia pekee ya kugawana. Tangu 2008 sheria yetu inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Warithi wangeweza kuingia ubia, ghorofa likajengwa, kila mmoja akapata sehemu yake na wakabaki na ardhi ya baba yao, na vyumba kadhaa vikatengwa kwa waliokuwa wapangaji kwa kodi wanayoiweza. Kule Kariakoo ubia wa namna hiyo umefanyika sana, ila mara nyingi familia inasaini mkataba ambao hakuna hata mmoja wao aliyeusoma mpaka mwisho. Wekeni wakili na mthamini kwenye kila kata, siku moja kwa wiki, wa kukaa na familia zenye nyumba za mirathi kabla dalali hajafika. Familia nyingi zingekuja, nina hakika, kwa sababu huja kwangu kuniuliza mimi fundi cherehani.

Kibali cha kujenga nacho kisiwe karatasi ya mwenye kiwanja peke yake. Anayejengewa ghorofa ubavuni mwake aulizwe. Jumamosi ya Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafa, na Waziri Mkuu wa wakati ule akaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Watu wawili kwenye daftari langu walikuwa na ndugu chini ya kifusi kile. Tangu siku hiyo, mashine ya kuchimba msingi ikianza kazi jirani yetu, mke wangu huwatoa watoto nje. Chumba tunachokaa sasa kina ufa ulioanza dirishani baada ya jirani kuchimba, na umefika usawa wa kitanda. Nimeuwekea alama ya chaki, kila mwezi naangalia. Mkaguzi wa majengo akija Magomeni, asiishie kwenye jengo jipya. Agonge na mlango wa nyumba ya pembeni. Na aangalie maji taka yanakwenda wapi, kwa sababu kaya 30 zikiwekwa palipokuwa na kaya sita, na karo likabaki la kiasi kile kile, mvua za masika zikinyesha sisi wa chini ndio tunaoyakanyaga tukienda kuswali alfajiri.

Nimalizie na hili la msiba, kwa sababu wenzangu wa kijiweni wameniomba nisiliache. Zamani akifa mtu, turubai linafungwa barabarani mbele ya nyumba, mikeka inatandikwa uani, wanawake ndani, wanaume nje, na jikoni nyumba tatu za jirani zinafunguliwa. Mwaka huu alifariki mzee tuliyecheza naye bao miaka mingi. Mbele ya nyumba pamekuwa mlango wa maegesho ya ghorofa, mlinzi akatuomba tusizibe njia, kijana wa watu, anafanya kazi aliyopewa. Uani umekatwa nusu. Tulimsitiri mzee wetu tukiwa tumesimama, wengine barabara ya pili, wasiosikia dua inaomba nini. Kwenye mipango yenu ya kuujenga upya mji, acheni mahali penye upana wa turubai moja kwa kila mtaa. Pasijengwe, pasikodishwe.

Majibu yenu naomba yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, ambako tunapita kila siku na tunasoma kila kinachobandikwa. Na kama kweli mtaanza kuandika wapangaji, karani wenu asianzie kwenye ukurasa mtupu. Aje kibarazani ninaposhonea sasa, mkabala na mnara wa msikiti, asubuhi kabla ya wateja hawajawa wengi. Nitampa kigoda na kumsomea waliokaa wapi, chumba gani, tangu mwaka gani, pamoja na wale niliokwisha kuwakata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani,
Magomeni, Dar es Salaam